Kindi wa Uani: Je, ni Mwizi?

Swali tulilolichagua mwezi huu laonekana dogo, na pengine wako watakaocheka. Kindi aingiaye uani na kula vitu vyetu, je, ni mwizi? Twaomba msicheke upesi. Mtu akilijibu vibaya swali hili kwa habari ya kindi, aghalabu hulijibu vibaya na kwa habari ya mbuzi wa jirani, na ya mtoto wa jirani, na hata ya jirani mwenyewe.

Kwanza tumtaje mshtakiwa. Wengine humwita kuchakuro, na wako wamwitao kidiri. Katika nchi yetu hakai kila mahali. Uwanda wa Kitulo, ulio juu kama mita 2,600 kati ya Makete na Mbeya, ni nchi ya nyasi na maua. Miti ni michache, na baridi yake hugandisha umande asubuhi za Juni na Julai. Huko juu kazi ya kindi imeshikwa na fuko, alaye viazi mviringo chini kwa chini: mwenye shamba huona shina limenyauka, hulivuta, nalo humfuata mkononi bila kiazi hata kimoja. Bali ukishuka kandokando ya misitu ya milima ya Livingstone, na katika vijiji vyenye miti ya matunda, ndipo utakapomkuta kindi mwenyewe mchana kweupe, ameketi juu ya tawi na pichi mikononi kama mzee aliyealikwa karamuni.

Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoguguna daima yatamzidi kinywa. Kwa hiyo huguguna hata asichokila: ubao wa dirisha, kamba ya kuanikia nguo, kifuniko cha pipa. Mama mwenye nyumba husema, "Huyu afanya makusudi kutuudhi." Hapana, mama, afanya hivyo kwa sababu ya meno.

Sasa tuyatazame mashtaka. Mwizi ni nani? Si kila atwaaye kitu cha mwingine. Mtoto wa miaka miwili akitwaa yai la jirani hatumwiti mwizi, twamwita mtoto, na yai twalirudisha sisi. Mwizi ni yule ajuaye kwamba kitu kina mwenyewe, naye akakitwaa. Na kitu huwa na mwenyewe kwa mapatano ya wanadamu: wazee walikaa, jiwe la mpaka likasimikwa, mashahidi wakaitwa, au karatasi ya kijiji ikatiwa muhuri. Kindi hakualikwa barazani siku ile. Kwake yeye uani petu ni kipande cha pori kilichofyekwa, chenye chakula kingi kuliko penginepo. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu ukimpa jembe ataguguna mpini.

Mwenzetu mmoja apendaye kubishana alituuliza, "Mbona hukimbia akituona? Akimbiaye alijua kosa lake." Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haisimami. Kindi hutukimbia hata porini, anakokula matunda yasiyo ya mtu. Humkimbia mwewe vilevile, wala hajamkosea mwewe neno lolote. Kukimbia kwake ni hofu, wala si haya. Haya ndiyo alama ya mwenye kosa, nayo kindi hana.

Basi, ikiwa si mwizi, hapana adhabu. Neno hili twataka lisimame imara, maana hapo ndipo njia zinapoachana. Adhabu hutazama nyuma, penye kosa lililopita. Ulinzi hutazama mbele, penye mbegu iliyobaki. Mtu aadhibuye hukasirika, na hasira haina kipimo: huchoma kiota pamoja na wana waliomo, hufurahi mnyama akichelewa kufa mtegoni, na watoto wake husimama hapo wakijifunza kucheka. Mtu alindaye hutega kama hana budi, huua upesi kama hana budi, na mahindi yakiisha kushika huuondoa mtego wake. Kwa siku moja matendo ya watu hawa wawili yaweza kufanana. Kwa mwaka hayafanani hata kidogo.

Wala msidhani twasimama pamoja na wale walio mbali na jembe, wasemao kila mnyama aachwe ale apendavyo. Debe la mbegu si kitu cha mchezo. Mtu aliyepanda kwa mvua za kwanza, mashimo yakawa matupu, akapanda tena kwa mbegu ya kununua, amelipa mara mbili kabla ya kuvuna mara moja. Na mvua hazimngoji. Kulinda chakula cha nyumba ni wajibu, na mwenye kuulegeza kwa kumhurumia kindi amewatoza watoto wake gharama ya huruma hiyo.

Lakini alindaye hana budi kumjua adui wake, na hapa twaona dhuluma nyingi. Mbegu za mahindi zikifukuliwa mstari mzima, mtu hutoka asubuhi, humwona kindi juu ya mti, na hukumu imekwisha. Kumbe kindi hulala usiku kama sisi. Afukuaye usiku ni panya wa shamba, na katika Tanzania huyo ni mharibifu mkubwa sana wa mbegu na miche ya mahindi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi. Njia ya kuwapambanua haitaki elimu kubwa: hesabu mashimo jua linapokuchwa, uyahesabu tena alfajiri kabla hapajapambazuka sawasawa. Yaliyoongezeka usiku si ya kindi. Yeye ameshtakiwa kwa kuwa huonekana, na panya ameachiliwa kwa kuwa haonekani. Mambo haya hayaishii kwa wanyama. Ni mara ngapi kitu kimepotea kijijini, akashikwa kijana aonekanaye akizurura mchana?

Sumu nayo ni hakimu mbaya kuliko wote, maana haiulizi jina. Iliyowekwa kwa ajili ya kindi huliwa na kuku. Na panya aliyekula sumu akafa polepole huliwa na paka, au na bundi. Bundi twamchukia kwa hofu za kale, hali yeye ni mlinzi wa usiku asiyedai mshahara.

Na Kitulo yenyewe yatupa jambo jingine la kufikiri. Miaka ile kabla ya hifadhi uwanda huu ulifukuliwa kweli kweli, wala aliyeufukua hakuwa fuko. Watu walichimba viazi vya okidi, yale maua mazuri ya nyikani, kwa mamilioni, vikapelekwa Zambia kufanyizwa chakula kiitwacho chikanda. Fuko huchimba kwa kadiri ya kula kwake na akiba yake. Kindi hufukia punje chache, na nyingine huzisahau zikaota. Bali gunia la mwanadamu lililokwisha kuonja soko halijai. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kilomita za mraba 412 na kitu, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Hatuwalaumu wachimbaji wote, maana wengi wao walikuwa na ada za shule za kulipa. Twasema tu kwamba tukimtafuta mharibifu tusimtafute mwenye mkia peke yake.

Tena yuko kipunji. Huyu ni kima wa msituni, na Wanyakyusa wakaao karibu na misitu walikuwa na jina lake tangu zamani. Wataalamu wa wanyama hawakumwona ila mwaka 2003, katika misitu ya Rungwe na Livingstone, wakamtangaza mwaka 2005. Na hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kama 1,100 tu, katika misitu hii yetu na ule wa Ndundulu huko Udzungwa. Penginepo duniani hajulikani. Naye pengine hutoka msituni akala mahindi. Fikirini basi habari ya mtu aliyemtega mwaka 1990 kwa ajili ya shamba lake. Alidhani ameondoa mharibifu mmoja katika wengi wasiohesabika, kumbe alikuwa mmoja katika wachache mno. Yeye hakujua, sisi twajua. Na kujua huku hakukuongeza punje moja katika ghala la mtu yule wala la mwanawe aliyerithi shamba. Kumemwongezea mzigo tu, kwa kuwa sasa aambiwa asimguse.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Uzuri wa kipunji ni furaha ya dunia nzima, hata ya watu wa nchi za mbali ambao hawatafika Matamba maisha yao. Hasara ya mahindi ni ya nyumba moja, ile ya mwisho kabla ya msitu. Mtu wa nyumba hiyo akiuliza, "Kwa nini nilipe mimi peke yangu kwa furaha ya wote?" twamjibuje? Mwaka 2011 Serikali iliweka kanuni za malipo kwa watu waliodhuriwa na wanyama wa hatari, kama vile tembo, kiboko na simba. Malipo ya mazao huitwa kifuta jasho, na jina lenyewe lakiri kwamba si fidia, ni kitambaa tu. Bali kindi si mnyama wa hatari; aliyeliwa mbegu na kindi, jasho lake hukauka lenyewe.

Torati ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, inayo amri ya mwaka wa saba: shamba lipumzishwe, maskini wale kilichoota chenyewe, na watakachobakiza maskini wale wanyama wa kondeni. Tutazame jinsi walivyopangwa. Mnyama ametajwa, hakusahauliwa. Lakini amewekwa nyuma ya maskini. Siku hizi wako wamtangulizao mnyama, na wako wasiomtaja kabisa, na kila upande huona upande wa pili ndio uliopotea. Katika habari yetu maskini ni yule wa nyumba ya mwisho. Tusimwambie neno juu ya kindi wala juu ya kipunji kabla hatujatazama ghala lake.

Na kama dunia i mbali, sisi tu karibu. Nyumba za katikati ya kijiji huvuna salama kwa sababu nyumba ya pembeni huliwa kwanza. Mnyama atokaye msituni hushiba pale, akarudi. Kwa kweli shamba lile ndilo boma letu, na mwenyewe ndiye askari wetu, ingawa hatujampa hata shukrani, sembuse mshahara. Wengine humcheka na kusema ni mvivu wa kulinda. Walio na mashamba karibu na barabara hawajui kulinda ni nini.

Desturi yetu ya kulinda nayo yataka kuangaliwa. Katika vijiji vya chini vinavyopanda mahindi, mara nyingi anayepandishwa dunguni ni mtoto. Mtoto wa darasa la tatu hukaa huko na debe tupu la kupiga kelele, tangu asubuhi hata jioni, muda wa wiki tatu, na nafasi yake darasani iko wazi. Sisi tulio walimu twamwona akirudi: wenzake wamekwisha kuingia hesabu za kugawanya, naye atazama ubao kama atazamavyo mgeni njia panda. Mbegu iliyoliwa hupandwa tena kwa mvua zijazo. Wiki tatu zile hatukuona bado mahali zinapouzwa. Na mara nyingi mtoto huyo atoka nyumba ileile ya pembeni.

Tumehesabu jambo hili pamoja na wazee wachache, nalo si gumu. Tangu kupanda hata mche kuimaliza mbegu yake ni kama siku ishirini na moja, pungufu kidogo penye joto na zaidi kidogo penye baridi. Nyumba saba zilizo jirani, zikiwamo zile za katikati, zikishika zamu ya watu wazima, kila nyumba yatoa siku tatu tu. Wala haihitaji kukaa mchana kutwa. Kindi hula zaidi asubuhi na alasiri, na saa za jua kali mlinzi aweza kupalilia shamba lake mwenyewe. Panya wa usiku atakiwa kwa njia nyingine, kwa mitego na kwa kufyeka vichaka vya kando ya shamba kabla ya kupanda. Siku ishirini na moja zikiisha, kindi hufukua, hakuti punje, na hurudi mtini kwake.