Ajali na Amana: Kadari na Ulinzi wa Mtoto Mdogo Nyumbani

Methali isemayo "ajali haina kinga" husikika mara nyingi katika matanga ya watoto wadogo, na ndani ya maneno yake matatu umejificha mjadala mrefu wa elimu ya dini. Neno ajali limetokana na neno la Kiarabu ajal, yaani muda uliowekewa ukomo, na hasa siku ya kufa ambayo Mwenyezi Mungu amemwandikia kila kiumbe. Kwa maana hiyo ya asili, methali inasema jambo ambalo muumini halipingi, kwamba siku ikifika hakuna ngao. Katika Kiswahili cha leo, hata hivyo, ajali ni gari kupinduka, ni mtoto kuangukia sufuria ya uji, ni mafuta ya taa kunywewa kwa kudhaniwa kuwa soda. Na maana hizo mbili zinapochanganywa, siri iliyo kwa Mungu hugeuka kuwa udhuru wa jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya watu wa nyumba nzima. Swali linalozaliwa hapo ni kama imani ya kadari, yaani kwamba kila litokealo limo katika elimu na uwezo wa Mungu, inampunguzia mlezi wajibu wa kumkinga mtoto.

Swali hilo lilipata jibu mapema katika historia ya Uislamu. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin al-Khattab, akiwa safarini kuelekea Shamu, alipata habari kwamba tauni imezuka huko, akaamua kurudi na watu wake. Na sahaba Abu Ubaida bin al-Jarrah alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, Umar alimjibu kwa mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja ya malisho na moja kame, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Maana yake ni kwamba kinga nayo imo ndani ya kadari, kwa hiyo mzazi anayeliinua jiko kutoka sakafuni hashindani na alichoandika Mungu, wala anayeliacha chini hawezi kudai kwamba ana imani zaidi. Kutawakali ni kumtegemea Mungu baada ya kushika sababu, yaani njia za kawaida ambazo matokeo hupitia. Kuziacha sababu kisha kumtwika Mungu matokeo ni uzembe.

Msingi wa pili ni dhana ya amana. Husemwa sana, mimbarini na majumbani, kwamba mtoto ni amana ya Mungu, lakini ni nadra msemo huo kufuatwa hadi kwenye sheria ya amana yenyewe. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, mwekewa amana hadaiwi kitu kikipotea bila kosa lake, ila hudaiwa akivuka mipaka au akizembea. Na ni wajibu wake kuiweka amana katika hirz, yaani hifadhi inayolingana na kitu chenyewe, kwa kuwa dhahabu hufungiwa kashani na mifugo huwekwa zizini, na aliyeiacha dhahabu zizini hawezi kusema kwamba aliihifadhi. Biblia nayo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari lake, la sivyo damu ya atakayeanguka itakuwa juu ya nyumba hiyo.

Inafaa kukumbuka kwamba neno hirz ndilo lililozaa hirizi, yale maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi au kitambaa ambayo watoto wachanga wa pwani wamekuwa wakivishwa kuwakinga na husuda na mashetani. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya uhalali wake. Linalohusu hapa ni kwamba neno lililobeba maana ya hifadhi kamili limefinyaa likawa kitu kinachoning'inia shingoni, ilhali kamba yake ikinasa kwenye ukingo wa kitanda yaweza kumkaba mtoto yuleyule.

Hifadhi ya mtoto hupimwa kwa umbile lake. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili, hivyo akiinamia ndoo ya maji ya kufulia akatumbukia, hana nguvu za kujinyanyua, na kina cha sentimita chache chatosha kumzamisha bila hata yowe. Ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo chai anayoivumilia mtu mzima humbabua yeye. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia mapafuni, na ndiyo sababu aliyeyanywa hatapishwi, bali hukimbizwa hospitali. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika hayo yote sababu inajulikana na kinga yake haina gharama kubwa: ndoo humwagwa, sufuria huwekwa juu, mafuta hayatiwi katika chupa ya soda, na jiko huachwa nje.

Pingamizi lenye uzito ni la umaskini, kwa kuwa familia inayopika, kuoga na kulala katika chumba kimoja cha kupanga haina pa juu pa kuweka sufuria. Kurani, katika aya ya 286 ya sura ya Al-Baqara, imeufungamanisha wajibu na uwezo. Lakini sehemu ya amana iliyomshinda mama haiyeyuki, bali humwangukia baba, kisha mwenye nyumba asiyejenga jiko, kisha jirani, na mwishowe mamlaka ya mji.

Kadari inabaki na mahali pake, nako ni katika msiba, ambako huwafariji wazazi waliofanya walichoweza na kuwafunga midomo wenye kulaumu. Asemaye matangani kwamba ajali haina kinga hana lawama. Asemaye hivyo huku jiko likiwaka sakafuni na mtoto akitambaa, analitumia jina la Mungu kuficha kazi ambayo Mungu amemwachia yeye.