Uhalali wa Safari ya Kufuata Muziki

Wanazuoni wa dini na wa maadili wameandika mengi juu ya safari ya hija, ya biashara na ya kutafuta elimu, lakini safari ya mtu anayevuka mipaka ya nchi ili akasikilize muziki imeachwa pembeni, kana kwamba ni jambo la wenye fedha za kuchezea lisilostahili kufikiriwa. Ugumu wake huonekana pale ambapo fedha za kuchezea hazipo. Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, ilianza mwaka 1995 kama kambi ya muda ya watu waliohamishwa kutoka Zevenfontein, ikapokea baadaye wengine kutoka Alexandra, na leo ni mtaa mkubwa wa vibanda vya mabati na nyumba ndogo za serikali, ambamo Waafrika Kusini huishi pamoja na wahamiaji wengi wa Zimbabwe, Msumbiji na Malawi. Mkazi wake anayepanga kwenda Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha ambalo tangu 2004 limekuwa likifanyika Februari katika majira ya joto (isipokuwa 2016, lilipokosa fedha), hukutana na swali ambalo mtalii kutoka Ulaya haulizwi: kwa haki gani anazitumia fedha hizo kwa starehe, ilhali huko kwao kuna mzazi anayesubiri matumizi?

Katika Ihya Ulum al-Din, yaani Kuhuisha Elimu za Dini, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka kitabu cha adabu za safari, na mara baada yake kitabu cha adabu za samai, ambayo ni usikilizaji wa nyimbo na mashairi kwa namna inayoutikisa moyo. Makusudio ya safari aliyagawa manne: kutafuta elimu, kufanya ibada, kukimbia linaloharibu dini, na kukimbia linalodhuru mwili au mali, kama vile tauni au ughali wa bei, na hukumu ya kila safari akaifungamanisha na nia, yaani kusudio la moyoni ambalo ndilo huipa amali thamani yake. Wahamiaji wengi wa Diepsloot waliingia Afrika Kusini kwa safari ya aina ya nne. Safari ya burudani haikupewa cheo katika mgawanyo huo, ingawa haikuhesabiwa kuwa haramu kwa sababu tu ni burudani. Kuhusu nyimbo, hoja yake ni kwamba haziingizi moyoni kisichokuwamo bali huchochea kilichomo, na kwa hiyo aliziruhusu kwa kuangalia wakati, mahali na watu wa kusikiliza nao, akakataza ala za nyuzi kwa kuwa zilihusishwa na walevi. (Taarabu asilia ya Unguja, yenye udi na kanuni, isingepona katika kifungu hicho.)

Hata hivyo, lenye uzito zaidi kwa mjadala huu limo katika maandalizi: kabla ya kuondoka, msafiri hurudisha haki za aliowadhulumu, hulipa madeni, hukabidhi amana kwa wenyewe na huwaachia matumizi wale ambao kuwalisha ni wajibu wake.

Huko Diepsloot sharti hilo lina daftari lake. Stokvel ni kikundi cha kuchanga fedha, ndugu wa upatu wa Tanzania na wa chama cha Kenya, ambamo kila mwanachama hutoa kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, na kitita ama humwendea mmoja kwa zamu ama hugawanywa kwa wote Desemba, mara nyingi kwa ajili ya unga, sukari na mafuta ya kupikia ya sikukuu. Aliyepokea zamu yake Novemba, akaondoka Februari bila kuacha michango ya miezi iliyobaki, amesafiri kwa fedha za wenzake. Aliyesubiri zamu yake, akatuma matumizi nyumbani, akalipa kodi ya kibanda kwa mwezi ambao hatakuwapo, kisha akatenga nauli ya basi la kupitia Beitbridge hadi Tunduma na Dar es Salaam, nauli ya boti, na dola 44 za bima ambayo Zanzibar imewataka wageni kutoka nje wailipe tangu Oktoba 2024, amesafiri kwa fedha yake. Wote wawili watasikia nyimbo zile zile ndani ya Ngome Kongwe, linapofanyika tamasha, na hukumu zao hazifanani.

Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala yake maarufu ya mwaka 1972, alidai kwamba mwenye uwezo wa kuzuia baya kubwa bila kupoteza chenye uzito sawa anawajibika kulizuia. Hoja hiyo iliwalenga matajiri wa nchi za Magharibi. Ikielekezwa kwa mfanyakazi wa ndani anayetuma nyumbani sehemu ya kila mshahara, humnyima hata wimbo mmoja, kwa kuwa shida ya nyumbani haina mwisho. Lakini swali hilo haliulizwi kwa kila safari: kila Pasaka, waumini wa kanisa la Zion Christian Church husafiri kwa mabasi kwenda Moria, mkoani Limpopo, na si kawaida kuwauliza kwa nini nauli hiyo haikununua mabati. Ibada hupewa heshima hiyo kwa haki. Lakini anayedai kwamba furaha ya maskini ikubalike tu ikiwa imevaa joho la ibada, basi amewawekea maskini maadili ambayo yeye mwenyewe hayafuati.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko mpakani. Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni ana haki ya kuzuru nchi nyingine bila kutendewa kama adui, kwa kuwa uso wa dunia ni wa wote, ingawa haki hiyo haifiki kuwa haki ya kukaa. Tanzania haiwadai viza raia wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi wala Msumbiji. Diepsloot, kwa upande wake, ilishuhudia Aprili 2022 raia wa Zimbabwe akiuawa na kuchomwa moto na kundi lililopita nyumba kwa nyumba likidai hati. Na kwa kanuni za uhamiaji za Afrika Kusini za mwaka 2014, mgeni anayeondoka baada ya kupitiliza muda wa kibali chake kwa zaidi ya siku 30 huweza kutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa, asirudi kwa miaka 5. Mkazi wa aina hiyo anaweza kulipa kila deni, akaacha matumizi ya kutosha na kusafisha nia yake, na bado tamasha la siku chache litamgharimu kazi, kibanda na watoto walioko shuleni. Mashehe, wachungaji na wanafalsafa wanaopenda kumhoji juu ya starehe zake wangefanya vyema zaidi kuwahoji waliotunga kanuni hiyo.