Belti Haionekani

Tairi likiisha, hata abiria ataliona. Taiming belti iko nyuma ya kava, inazungusha kamshafti ili vali zifunguke kwa wakati wake. Kwenye dizeli nyingi za zamani za Hiace, inafaa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika gari likiwa mbio, vali hugongana na pistoni. Hapo si belti tena unanunua.

Sasa chukua matatu ya 46, Kawangware hadi tao. Mwenye gari anatuma pesa ya spea kwa simu. Kirinyaga Road kuna belti jenuini, kuna feki yenye boksi safi kuliko jenuini, na kuna iliyotolewa kwa injini ya mtumba. "Fundi, weka tu hiyo ya bei ya chini."

Watu watasema ni pesa yake. Mimi nakataa. Ukijiwekea feki kwa gari lako, umelala chini yake hapo kwa ploti Kibera na tochi ya simu, hiyo ni kamari yako. Lakini mwenye matatu mara nyingi hata haipandi. Injini ikikufa, dereva na makanga ndio wanakaa bila kitu, maana wao hulipwa gari likitembea.

Na fundi? Akibisha, kazi itaenda gereji ya jirani, najua. Bado naona ana deni kwa dereva: amwonyeshe belti kabla ya kufunga kava. Pengine dereva ataongeza hiyo tofauti mwenyewe, ama atafute gari lingine. Pengine atashika tu usukani, kodi ya nyumba haingoji.