Vitufe Kumi na Sita

Ukifungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta, kwa mara ya kwanza unakuta safu ya vitufe vidogo, kumi na sita kwa kila ala, vimepangwa vinne vinne. Bonyeza cha kwanza, ngoma inalia. Ongeza cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, tayari una mdundo wa disko. Mtoto wa kaka yangu, aliyeniwekea programu hiyo, alinipigia makofi akaenda zake.

Mimi sikutaka disko. Nilitaka chakacha.

Chakacha, ngoma yetu ya wanawake wa pwani, nimeicheza tangu usichana wangu, na kiuno hakijawahi kuuliza njia. Mashine lakini inataka kuambiwa kila kitu: ngoma ya vumi inalia wapi hasa? Ile ya chapuo inaitangulia au inaifuata? Sikuwa na jibu. Nikaimba kwa mdomo, nikagonga meza, nikabonyeza kile nilichodhani nimekuwa nikikisikia miaka yote hiyo. “Shangazi,” kijana akasema aliporudi, “hili ni gwaride.”

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu. Vile vitufe hugawa kila pigo mara nne, na chakacha hugawa mara tatu. Programu yenyewe haina ubishi: ukiingia kwenye mipangilio, unaiambia pigo liwe na hatua tatu, nayo inatii. Ila lazima kwanza ujue kwamba ni tatu. Mimi nilikuwa naijua kwa miguu tu.

Ndiyo maana siku hizi nawasikiliza kwa shaka wanaosema kompyuta imeua muziki. Singeli imetoka kwenye kompyuta za Mburahati na Manzese, huko Dar es Salaam. Vijana walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Wengine hawaupendi muziki huo (mimi mwenyewe baada ya nusu saa naomba maji), lakini aliyechagua kipande kipi kikatwe, na kikatwe wapi, alikuwa na sikio. Watengeneza mashine nao walijua mapema kwamba sikio ndilo linaloamua. Mmarekani Roger Linn, alipotoa mashine yake ya ngoma LM-1 mwaka 1980, aliiwekea namna ya kuchelewesha baadhi ya mapigo kidogo tu, kwa sababu mdundo ulionyooka kupita kiasi hauchezeki.

Biti yangu haijaisha. Vumi imekaa vizuri, chapuo ndiyo bado ina ukaidi, na kijana ananishauri nitafute iliyorekodiwa tayari niipachike. Nimekataa. Shida imekuwa harusini. Juzi wifi yangu alinivuta mkono tuingie uwanjani, kanga keshanifunga kiunoni, nami nimeganda mbele ya wapigaji, vidole vinahesabu tatu tatu pajani. Akaniuliza kama nina homa.