Sifa Ni ya Nani?

Katika nchi ya Marekani uko mchezo wa mpira uitwao besiboli. Mtu mmoja hutupa mpira, na mtu wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia akivizunguka vituo vinne, na cha nne ni pale pale alipoanzia. Kufika kituo cha kwanza kwa pigo lako ni jambo la kila siku. Kufika cha tatu ni nadra, kwa maana yataka mpira uende mbali bila kutoka uwanjani, na mpigaji awe na mbio, tena asiwe mwoga. Akiisha kufika cha pili yu salama, wala hakuna amlazimishaye kuendelea.

Mwaka 1912 Owen Wilson, mchezaji wa Pittsburgh, alifika kituo cha tatu kwa mapigo yake mara 36. Hata leo hakuna aliyempita kwa mwaka mmoja katika ligi kuu. Mwaka ule ule Joe Jackson wa Cleveland, katika ligi nyingine, alipata 26. Curtis Granderson alipopata 23 mwaka 2007, watu walistaajabu.

Je, msomaji, sifa hii ni ya nani? Wengine wasema ni ya uwanja. Forbes Field, uliofunguliwa mwaka 1909, ulikuwa mpana mno upande wa nyuma, hata mpira uliowapita walinzi ulibingirika mbali sana. Neno hili lina nguvu, walakini halitoshi. Honus Wagner, ambaye kwa jumla alikuwa mchezaji hodari kuliko Wilson, alicheza uwanja ule ule mwaka ule ule, akapata 20. Basi, tuseme ni ya mtu? Hapo tena twakwama, maana Wilson yule yule alipata 12 mwaka 1911, na 14 mwaka 1913.

Imebaki bahati. Twaona haya kuitaja, kwa sababu tukikiri kwamba sehemu ya sifa ni bahati, hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya lawama ni bahati vile vile. Sisi walimu twalijua jambo hili: yuko mtoto mwenye taa nyumbani kwao, na yuko asiye nayo, nasi twawapa alama kwa kalamu moja. Siku ya kusahihisha mitihani sipendi kuliwaza, lakini huja lenyewe.

Wako wasemao, basi tusimsifu mtu kwa lolote. Mimi sikubali. Bahati yaweza kuuangusha mpira mahali pasipo mlinzi. Haiwezi kumkimbiza mtu. Mara 36 Wilson aliukanyaga ule usalama wa kituo cha pili, akauacha nyuma yake, asijue mpira utarudi upesi kiasi gani. Na ajabu ni hii: mpigaji akijaribu hivyo akaguswa kwa mpira kabla ya kufika, kitabu humwandikia vituo viwili tu, ingawa mbio ni zile zile na moyo ni ule ule. Mbio za namna hiyo, kama Wilson alikuwa nazo mwaka ule, hazimo katika zile 36.