Panga la Okonkwo na Mwano wa Wasukuma



Wajukuu zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nimewasikia mkibishana juu ya mila zetu. Yupo anayesema ni mzigo wa wazee, tuutue tuende zetu. Yupo anayesema mwanamume ni yule asiyerudi nyuma, na kwamba wazungu ndio walioharibu kila kitu. Wa kwanza hanitishi sana. Akizeeka atarudi mwenyewe kuulizia ukoo wake. Neno langu leo ni kwa huyu wa pili, anayetembea kifua mbele.

Kamsome Okonkwo wa Umuofia. Ni mtu wa kutungwa, lakini nimewaona wa aina yake minadani na kwenye vilabu vya pombe. Chinua Achebe, Mwigbo wa Nigeria, alimtoa kitabuni mwaka 1958, na mwaka 1973 Clement Ndulute akatuletea kwa Kiswahili kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Wengi wakishakisoma hubaki na jambo moja tu: kijiji kilikuwa na heshima yake, mzungu akaja, mtu jasiri akakataa kuinama, mwisho akajinyonga. Wanasahau kwamba Okonkwo alianza kuanguka kabla mzungu hajatia mguu pale.

Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi, mdeni wa kila mtu, akafa bila cheo. Mwana akaapa kutofanana naye kwa lolote. Akakopa mbegu za viazi vikuu akalima, akamwangusha mwanamieleka ambaye kwa miaka saba hakuna aliyemweza, akaoa wake watatu, akajaza ghala. Hongera zake. Tatizo ni kwamba uvivu wa Unoka aliutupa pamoja na upole wake, muziki wake na maongezi yake. Kitu chochote laini alikiona ni cha baba yake, akakiogopa. Watu walimwita jasiri, kumbe ndani mwake ilitawala hofu.

Akaletwa nyumbani kwake kijana Ikemefuna, fidia kutoka kijiji kingine kwa damu iliyomwagwa. Akakaa miaka mitatu, akamwita Okonkwo baba. Siku mizimu ilipoamua kijana auawe, mzee Ezeudu alikuja kwa Okonkwo akamwonya: anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Okonkwo akaenda. Kijana alipomkimbilia kuomba msaada, yeye ndiye aliyemmaliza kwa panga, asije akaonekana dhaifu mbele ya wenzake.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie. Mila haikumlazimisha Okonkwo kwenda. Rafiki yake Obierika alibaki nyumbani siku ile na hakuna aliyemtenga. Mila ilimwachia mtu nafasi ya kuwa na huruma, naye akaiziba kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe Nwoye akabaki na jeraha moyoni tangu siku hiyo. Wamisionari walipofika, walimkuta keshatoka nyumbani kwa baba yake kitambo. Kilichobaki ni kuhama tu. Nao waliokuwa miongoni mwa wa mwanzo kukimbilia kanisani walikuwa watu waliotengwa na jamii, na mama ambaye kila alipojifungua mapacha walitupwa porini. Ufa ulikuwepo. Mgeni aliupitia.

Sasa turudi Usukuma, na hapa msinikimbie. Kwa miongo mingi, Shinyanga, Mwanza na huku kwetu Simiyu, bibi vizee wameuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi. Ushahidi? Macho mekundu. Mnajua wenyewe kwa nini macho ya bibi ni mekundu: maisha yake yote amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ng'ombe anakufa, mtoto anaugua, mtu anakwenda kupigiwa ramli, jina linatajwa, na kijana mwenye nguvu analipwa kwenda kuimaliza kazi usiku. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamekatwa viungo kwa sababu ya ramli hizohizo, hadi Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Akikamatwa, kijana yule anasema ni mambo ya mila. Mila ipi? Nitajie mzee wa ukoo aliyekufundisha kwamba bibi aliyekubeba mgongoni akizeeka auawe. Hilo ni panga la Okonkwo lililomwangukia Ikemefuna, na siku hizi lina bei.

Panga lake la pili ndilo mnalolisifia. Viongozi wa Umuofia walikamatwa kwa hila, wakanyolewa, wakatozwa faini. Walipoachiwa, ukaitishwa mkutano mkubwa. Tarishi wa serikali akaja kuuvunja, na Okonkwo akamkata kichwa. Kisha akasubiri. Hakuna aliyeinuka. Matarishi wengine wakaachwa wakimbie. Akaelewa yuko peke yake, akaenda kujitundika.

Simlaumu kwa kuchukia udhalimu ule. Ila nawauliza: kwa nini hakusubiri mkutano useme? Alikwisha kuapa kwamba wengine wakisita atapigana peke yake. Sisi Wasukuma tuna mwano. Yowe likipigwa, kila mwenye miguu anatoka, na asiyetoka anaulizwa, pengine anatengwa hata moto asiombe kwa jirani. Hata ntemi, mtawala wetu wa jadi, alitawala akiwa na banamhala, yaani wazee, pembeni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, ni mwano uliozaa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini. Nao hawakuwa malaika, maana kuna mabibi waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma zilezile. Lakini wezi waliwaogopa, kwa sababu waliokuwa wakija ni kijiji kizima.

Tazameni babu zenu walivyokabiliana na Mwingereza. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wake wa maendeleo ya Usukuma: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, ukikaidi ulipe faini. Kwa Msukuma, kuambiwa apunguze ng'ombe ni kuambiwa apunguze ukoo, maana mahari ya mwanawe inatembea kwa miguu minne. Mwaka 1954 TANU ilipoanzishwa, huku kwetu ilikatazwa kufungua matawi, na katazo likadumu hadi 1958. Je, walikata vichwa vya matarishi? Hapana. Wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa kwenye mizani, wakajikusanya kwenye vyama vya ushirika. Mwaka 1955, kwa uongozi wa Paul Bomani, vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation. Mwaka 1958, mwaka uleule alipozaliwa Okonkwo kitabuni, watu wa Geita walikataa baraza la wilaya walilopangiwa, wakatembea kwa maelfu hadi Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikusimama. Mwano na ng'ombe wetu viliupita ukoloni. Kaburi la Okonkwo lilichimbwa na wageni, kwa kuwa kwa mila yake mwenyewe ndugu hawaruhusiwi kumgusa aliyejiua.

Mwisho wa kitabu mkuu wa wilaya wa kizungu anawaza kitabu anachoandika. Kifo cha Okonkwo kitamjazia aya moja. Msidhani hayo ni ya Nigeria tu. Mwaka 1953 sheria na desturi za Wasukuma zilitolewa kitabuni kwa Kiingereza na Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni. Alifanya kazi kubwa, sikatai, na baadhi yenu mtalazimika kumsoma yeye ili kujua babu zenu waligawanaje mirathi. Kumbe hapo jirani, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikuwa ameshamaliza tangu 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya nene juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka: ndoa yao, kilimo, dawa, pombe, wakwe na ugomvi wao, bila mzungu hata mmoja kuwa kipimo cha maisha yao. Ilichapishwa mwaka 1980, baada ya kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Yeye alifariki mwaka 1981 bila kuishika nakala mkononi.

Kwa hiyo ninyi wenye simu za kurekodi sauti, likizo hii msizitumie kwa video za ngoma peke yake. Kaeni na wazee waliobaki. Waulizeni makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalishindanaje, ntemi alisimikwaje, na mambo gani waliyaacha kwa hiari yao na kwa nini. Hilo la mwisho msilisahau. Andikeni kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Na mkisikia kuna bibi anayenyoshewa kidole kijijini kwenu, pigeni mwano kabla usiku haujaingia.