Je, Kazi ya Jikoni Ina Heshima?

Katika Ufaransa ya karne ya 17 wakuu wa elimu ya uchoraji walizipanga picha kwa daraja, kama waalikwa waketishwavyo karamuni. Daraja ya juu walipewa wachoraji wa vita, wafalme na habari za Maandiko. Daraja ya chini kabisa waliachiwa wenye kuchora vitu visivyo na uhai: matunda, vyungu, samaki aliyekwisha kupasuliwa.

Mwana mmoja wa seremala wa Paris, jina lake Jean Siméon Chardin, aliyezaliwa mwaka 1699, alichagua daraja hiyo ya chini. Mwaka 1728 Chama cha Kifalme cha Wachoraji kilimpokea, na mojawapo ya picha zake ilikuwa ya samaki aitwaye taa, ametundikwa ukutani, tumbo li wazi, na paka akikanyaga chaza. Baadaye akachora na watu wa nyumbani: mjakazi asuguaye sufuria, mtumishi arudiye sokoni na mikate, mama awaandaliaye watoto chakula. Katika picha hiyo ya mama, mtoto mdogo amekutanisha mikono kwa sala, naye mama ameinama mezani akimtazama. Hapana muujiza, wala malaika. Mwaka 1740 Chardin alimpa Mfalme Louis wa 15 picha hiyo. Leo imo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre.

Hapo ndipo lizukapo swali letu. Mfalme alipokea picha ya nyumba ya watu wa kawaida. Je, yule asuguaye sufuria alipata nini? Mtu aweza kuisifu picha ya mjakazi, na saa ile ile akamkemea mjakazi wake mwenyewe kwa kuwa mchuzi umepoa. Heshima ikomayo kwenye picha si heshima. Ni anasa ya macho.

Labda mtu atajibu: Mchoraji hawezi kuwalipa ujira watumishi wote wa nchi, kazi yake ni kuonyesha. Ni kweli. Naye Chardin alitimiza sehemu yake: alitazama taratibu, asimfanye mjakazi kuwa kichekesho, wala asimpambe kwa uongo. Kutazama hivyo ni mwanzo wa haki, maana tusiyemwona hatuwezi kumtendea haki. Ni mwanzo, lakini si mwisho.

Luther, alipoandika juu ya ndoa mwaka 1522, alifundisha ya kuwa baba afuaye nguo za mtoto wake mchanga kwa imani ampendeza Mungu, ijapokuwa watu humcheka. Na Mtume Paulo awakumbusha Wakorintho kwamba viungo vya mwili vidhaniwavyo kuwa havina heshima ndivyo tuvipavyo heshima zaidi.

Basi, tuketipo mezani na kumshukuru Mungu, tumtazame na yule aliyepika. Je, amekula? Amepumzika? Ujira wake umelipwa? Ikiwa hatujui, shukrani yetu haijatimia bado.